Jinsi ya Kurudisha Uhai wa Udongo Uliochoka

Kabla ya kununua mbolea, pima uhai wa udongo wako. Chukua vipande viwili sawa vya kitambaa cheupe cha pamba tupu, uvizike kina cha sentimita 8: kimoja katikati ya shamba, kingine pembezoni ambako jembe halifiki. Weka alama, vifukue baada ya miezi 2. Cha pembezoni kikitoka matambara na cha shambani kikitoka kizima, ujue vijidudu shambani vimepungua au vina njaa. Zika vitambaa udongo ukiwa na unyevu. Wakati wa ukavu hata udongo mzuri haukili kitambaa, nawe utadanganyika.

Mara nyingi chanzo ni kutifua mno. Kuvu wanaoitafutia mizizi fosforasi huishi kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, na kila jembe likipita nyuzi hizo hukatika. Wakati huohuo hewa inayoingia huwachangamsha bakteria, wakala mboji haraka na kaboni ikapotea hewani. Ustawi unaouona msimu huo ni akiba inayoliwa. Basi chimba mistari au mashimo ya kupandia tu, kwingine usiguse.

Mabua usiyachome, yatandaze. Ila usiyafukie makavu karibu na kupanda: mabua ya mahindi yana kaboni takriban mara 60 ya naitrojeni, ilhali vijidudu vinataka chakula chenye uwiano wa karibu 24 kwa 1. Upungufu huo huufidia kwa kunyonya naitrojeni ya udongo, na miche hugeuka njano. Ukilazimika kufukia, changanya na samadi iliyoiva na usubiri wiki kadhaa.

Badilisha mazao, na mikunde isikosekane. Inapoanza kutoa maua, ng'oa mmea taratibu upasue vinundu vya mizizi. Wekundu ndani ni dalili kwamba vinafanya kazi ya kunasa naitrojeni ya hewani. Weupe au ukijani, havifanyi. Huenda pH (kipimo cha uchachu wa udongo) iko chini ya 5.5, umezidisha naitrojeni, au bakteria wa vinundu si wa zao hilo: wa soya hawafai kwa maharage. Kabichi na jamaa zake hawashirikiani na kuvu wa mizizi, kwa hiyo usizirudie mfululizo.

Fosfeti, yaani mbolea yenye fosforasi, iwekwe kulingana na matokeo ya kupima udongo. Mmea ulioshiba fosforasi huacha kuwalisha kuvu.

Mwakani, msimu uleule, zika vitambaa tena palepale.