Picha za mhitimu wa darasa la 12 Marekani: ngozi, nywele na nguo

Ninapiga picha hapa Columbus, Ohio, na wateja wangu wengi ni familia za Kiswahili kutoka Kongo, Tanzania na Kenya. Vijana hunijia na maelekezo ya mtandaoni ambayo hayagusi kabisa rasta, kitenge wala ngozi nyeusi. Mimi nawaelekeza hivi.

Hatua ya 1: Jua ni picha ipi unayolipia

Shule nyingi zina mkataba na studio kwa ajili ya picha ya kitabu cha mwaka (yearbook), kile cha shule chenye picha za wanafunzi. Huko msichana hufungwa kitambaa cheusi kinachoacha mabega wazi, mvulana huvaa koti na tai ya studio. Binti wa hijabu, au asiyependa mabega wazi, aseme mapema. Picha hiyo ina tarehe ya mwisho, kwa kawaida msimu wa vuli. Usiipuuze. Baada ya hapo studio itakuletea vifurushi vya kununua. Soma karatasi vizuri, maana mara nyingi kuingia kitabuni hakukulazimishi kununua chochote.

Picha za nje, na mpigapicha mliyemchagua wenyewe, ni za hiari. Yanayofuata yanahusu hizo.

Hatua ya 2: Panga siku na saa

Wengi hupiga kuanzia kiangazi cha kabla ya darasa la 12 hadi Oktoba. Chagua saa ya mwisho kabla ya jua kuzama. Hapa Columbus, mwezi Juni jua huzama kama saa 3 usiku. Katikati ya Oktoba ni saa 1 kasoro. Ukitaka waridi za Park of Roses, bustani ya hapa Columbus, nenda Juni au Septemba. Jua la utosini likatae, linatia vivuli machoni.

Hatua ya 3: Nywele na ngozi

Rasta zisukwe siku 3 hadi 5 kabla. Zikisukwa jana yake, paji la uso linavutika, vipele vinaota pembezoni mwa nywele, na mtoto anavumilia maumivu huku anaambiwa atabasamu. Mvulana anyolewe siku 1 au 2 kabla, vipele vya wembe vipate kutulia. Kama joho litavaliwa siku hiyohiyo, msifunge nywele fundo la utosini, kofia haitakaa.

Wiki hiyo usijaribu kipodozi kipya. Na krimu za kung'arisha ngozi, wazazi wenzangu, ziacheni kabisa. Uso ukitoka kama kivuli, kosa ni la mwanga na aliyeshika kamera. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe, ikaona shati jeupe na anga nyeupe, hupunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaoumia. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwambie mpigapicha akuonyeshe picha za watu weusi alizopiga nje, jioni, bila kuzichuja. Akibabaika, tafuta mwingine.

Viwiko, magoti na vifundo vya vidole vipakwe mafuta ya mgando, kwa sababu kamera huona mpauko kuliko macho. Usoni ni kinyume chake: futa mafuta kwa karatasi laini, kisha pauda kidogo ya rangi ya ngozi yenyewe. Shingo isisahaulike.

Hatua ya 4: Nguo

Nguo 3 zinatosha: ya heshima, ya kijana mwenyewe, na ya nyumbani kwenu. Kitenge cha maua makubwa hupendeza mbele ya ukuta wa matofali. Mbele ya bustani hupotea. Shati la mistari myembamba sana huleta mawimbi ya ajabu kwenye picha. Bluu nzito, haradali na damu ya mzee hukubaliana na ngozi zetu vizuri. Kijani kikali cha kung'aa hurudisha rangi yake kidevuni, na kuisafisha baadaye ni kazi.

Miwani inayojigeuza kuwa nyeusi juani ibaki nyumbani kama kuna nyingine. Toa simu mfukoni na vibanio vya nywele mkononi. Viatu virefu vibebwe kwenye mfuko.

Hatua ya 5: Joho

Joho huja limekunjwa, lina makunyanzi, na kwa kawaida ni poliesta: pasi ya moto italiyeyusha. Litundike bafuni maji ya moto yakitiririka, au pasi ya joto la chini juu ya kitambaa. Kofia ikae bapa, isilale kisogoni. Kishada cha kofia kiwe kulia. Kinahamia kushoto baada ya kuhitimu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Ale kwanza. Mama akae nyuma ya mpigapicha, na asiseme "cheka." Amkumbushe kituko cha nyumbani kwa lugha ya nyumbani, hapo meno hutoka yenyewe.

Kabla ya kuagana, pata kwa maandishi idadi ya picha, siku ya kuzipokea na ruhusa ya kuzichapisha. Maduka mengi hukataa kuchapisha picha inayoonekana ya kitaalamu bila karatasi hiyo, na bibi aliyeko Bukavu atataka ya kutundika ukutani.