Namna ya kupima ustahimilivu wa ukame kwenye miche ya kunde kabla ya kuchagua wazazi wa mbegu

Mtafiti anayetaka kuzalisha aina ya kunde inayohimili ukame hukutana kwanza na kikwazo cha mvua yenyewe. Ikinyesha shambani siku isiyotarajiwa, jaribio huwa limeharibika, kwani haiwezekani tena kujua kama mche uliobaki kijani ulistahimili au ulipata maji tu. Kwa hiyo uchaguzi wa awali hufanyika ndani ya kitalu nyumba, ambako mtafiti mwenyewe ndiye anayeamua siku ya kusitisha maji.

Njia ninayoipendekeza ni ya sanduku la mbao, iliyobuniwa na watafiti wa kunde wa IITA (Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki) nchini Nigeria katika miaka ya 1990. Tengeneza sanduku lenye urefu wa sentimeta 130, upana wa 65 na kina cha 15, litandike nailoni ndani, kisha lijaze udongo wa juu uliochanganywa na mchanga kwa kiasi sawa hadi kimo cha sentimeta 12. Sawazisha udongo kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mwinamo mdogo tu hukusanya maji upande mmoja na kuipendelea mistari ya upande huo.

Viriba havifai kwa kazi hii, ingawa ni rahisi kupatikana. Kila mche ukiwa na kiriba chake, wenye majani mapana humaliza maji yake mapema na kunyauka kwanza, ilhali wenye majani madogo huonekana mstahimilivu kwa sababu tu ulitumia maji kidogo. Ndani ya sanduku miche yote hutegemea unyevu wa udongo uleule.

Tumia mbegu zilizovunwa msimu mmoja na kuhifadhiwa pamoja. Panda kila aina katika mstari wake, rudia katika masanduku matatu au zaidi, na upange nafasi za mistari kwa kupiga kura. Katika kila sanduku weka pia aina mbili za kulinganishia, moja inayojulikana kuwa dhaifu na nyingine inayojulikana kuhimili.

Mwagilia kwa usawa hadi jani la kwanza lenye vipande vitatu lianze kuchomoza, kisha sitisha maji kabisa. Tangu hapo hesabu miche iliyonyauka kila siku, saa ileile. Miche yote ya aina dhaifu ikishakufa, rudisha maji na uhesabu inayochipua tena katika wiki mbili zinazofuata. Andika joto na unyevu wa hewa kila siku bila kukosa: hewa kavu yenye joto huua miche mapema, na bila kumbukumbu hizo jaribio la Januari haliwezi kulinganishwa na la Julai.

Usiishie kwenye idadi, bali chunguza jinsi mche unavyokauka. Zipo kunde ambazo ukame ukianza husimamisha ukuaji, huhifadhi unyevu katika mwili mzima, na hatimaye mche wote hufa kwa pamoja. Nyingine huyatoa maji katika majani ya chini, yakakauka na kudondoka, ili ncha ya juu iendelee kuwa hai; hizi hudumu zaidi na mara nyingi hupona maji yakirudi. Tofauti hii ina thamani kubwa kwa mzalishaji wa mbegu anayechagua wazazi wa kuchavusha, na hupotea kabisa kwa anayeandika tu "hai" au "imekufa".

Sanduku hili fupi limeondoa makusudi mchango wa mizizi mirefu. Kwa sifa hiyo tumia mabomba marefu ya plastiki yaliyojazwa udongo. Kituo cha ICRISAT (taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu) cha Patancheru, India, kina mitungi ya aina hii yenye kina cha mita 1.2 na mita 2. Funika uso wa udongo kwa plastiki na uyapime mabomba kila wiki, ili uzito unaopungua uwe ni maji yaliyopitia kwenye majani.

Aina zilizofaulu zipeleke shambani wakati wa kiangazi, uzimwagilie, kisha ukate maji zinapoanza kutoa maua, na upime mavuno ya mbegu, kwa kuwa alama za miche pekee hazionyeshi uzazi wa maganda.