Kuuliza swali katikati ya mhadhara bila darasa kupoa

Kata mhadhara vipande vya dakika 10 hadi 15, na kila kipande kifuatiwe na swali moja. Liandike ubaoni, maana swali la mdomo tu husahaulika kabla halijajibiwa. Wape dakika moja waandike jibu kimya, kisha dakika mbili wajadiliane na jirani. Ndipo umtaje mmoja kwa jina. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine wote wanapumzika.

Kosa kubwa ni mwalimu kujijibu mwenyewe papo hapo. Hesabu moyoni hadi tano, hata kama kimya kinakera. Na "mmeelewa?" si swali: wataitikia "ndiyo" kwa pamoja. Afadhali uulize, "Tukiruka hatua ya pili, nini kitaharibika?"