Kufikia kamera ya depo bila OSPF

Kama uko na biro Himbi na depo Birere, hapa Goma, na unataka kuona kamera ya depo toka biro, ruta mbili tu, OSPF (ile ya kufanya ruta zijulishane njia zenyewe) ya nini? Andika njia kwa mkono. Tuseme biro ni 192.168.10.0/24, depo 192.168.20.0/24, na kwa linki ya antena ya katikati, ruta ya biro ni 10.0.0.1, ya depo 10.0.0.2. Kwa ruta ya biro, kama ni Linux:

ip route add 192.168.20.0/24 via 10.0.0.2

Hapa sasa njo bengi banakwama, unapiga ping (kujaribu kama kamera inajibu), kimya, unapanda paa kugeuza antena, kumbe paketi ilifika muzuri ila ya kurudi haina njia! Ruta ya depo nayo uiambie 192.168.10.0/24 inapitia 10.0.0.1. Kamera pia uipatie getiwei (ni adresi ya ruta ya depo, upande wa kamera), banaisahau sana. Umeme ukikatika ile amri inapotea, kwa hiyo iweke mu faili ya konfigirasio.