Maneno ya kujua ukianza kusoma Agano Jipya kwa undani

Wengi wakianza kusoma Agano Jipya kwa undani wanakutana na kanoni, kodeksi, septuaginta, wanachoka siku ya kwanza tu. Ushauri wangu usikariri maneno kama kamusi, fungua Biblia na kila neno ulikute kazini.

Anza na Marko 16. Soma mpaka mstari wa 8, wanawake wanakimbia kutoka kaburini wanatetemeka na hawamwambii mtu neno. Sasa angalia mstari wa 9, Biblia nyingi hapo zina mabano au maelezo chini ya ukurasa. Sababu ni kwamba nakala aliyoiandika Marko mwenyewe hatuna, tulizonazo ni hati, yaani nakala zilizonakiliwa kwa mkono, na mbili za zamani sana za karne ya 4, Sinaiticus na Vaticanus, zinaishia mstari wa 8. Hizo ni kodeksi, kitabu chenye kurasa kama chako, sio gombo la kukunja. Kazi ya kulinganisha hati ndo inaitwa uhakiki wa matini, na naomba usiiogope, haijaja kubomoa imani ya mtu, mimi imenifanya niwapende wale wanakili waliokaa na kalamu herufi kwa herufi ili sisi tusome leo.

Halafu kuna Injili Ndugu: Mathayo, Marko na Luka, zinaitwa hivyo kwa sababu zinafanana mno. Chukua ile habari ya Yesu kutuliza dhoruba, Marko 4, Mathayo 8, Luka 8, ziweke pamoja uone wanafunzi wanamwamshaje. Kwa Marko wanamwita Mwalimu na ni kama wanamlaumu, hujali tunaangamia? Kwa Mathayo wanamwita Bwana na wanaomba awaokoe. Tukio lile lile ila kila mwandishi na sauti yake, kaa hapo hata wiki nzima, hutapoteza muda.

Kanoni ni neno la Kigiriki, asili yake fimbo ya kupimia, kwetu ni orodha ya vitabu vinavyokubalika. Barua ya Pasaka ya askofu Athanasius wa Aleksandria ya mwaka 367 inataja vitabu vile vile 27 vya Agano Jipya tulivyonavyo. Vya nje ya orodha kama Injili ya Tomaso, ambayo nakala yake ya Kikoptiki, lugha ya zamani ya Misri, ilipatikana Nag Hammadi huko huko 1945, vinaitwa apokrifa. Ila angalia, Waprotestanti wakisema apokrifa mara nyingi wanamaanisha Tobiti, Yudithi na Wamakabayo, ambavyo Wakatoliki wanaviita deuterokanoni, yaani vya kanoni ya pili, na wanavihesabu ndani ya Agano la Kale, kwa hiyo kabla hamjabishana ulizaneni kwanza mnaongelea vitabu gani.

Septuaginta ni Agano la Kale kwa Kigiriki. Linganisha Isaya 7:14 na Mathayo 1:23: Kiebrania kinasema mwanamke kijana, Septuaginta inasema bikira, na Mathayo ananukuu hiyo ya Kigiriki.