Senti ya 1955 yenye tarehe mbilimbili: imulike kwa ubavuni

Ukipata senti ya Lincoln ya Marekani ya 1955 na tarehe yake inaonekana mara mbili, chukua lenzi ya kukuza mara 10, laza tochi ubavuni mwa sarafu, uizungushe taratibu. Kosa halisi, lile wakusanyaji wanalolitafuta, lilikuwa kwenye muhuri wenyewe (chuma kinachogonga sura ya sarafu), kwa hiyo herufi za LIBERTY hunenepa, zina mviringo, ncha zake zimegawanyika. Muhuri ukiteleza tu wakati wa kugonga, huacha ngazi bapa inayong'aa na herufi hukonda. Hiyo haina thamani ya ziada. Sarafu ikiwa imesagika sana, kipimo hiki hakisaidii. Angalia pia 5 ya mwisho: kivuli kikiwa hapo peke yake, ni muhuri uliochakaa, ingawa wauzaji huisifia kweli. Na usiisugue!