Kubandua grafiti kwa selotepu

Wanafunzi wangu wa Buruburu wakiuliza kuhusu chembe zisizo na tungamo, sisubiri mtambo wa CERN, ile maabara ya fizikia ya chembe huko Ulaya. Nunua penseli ya 6B huko River Road, Nairobi. Ya HB ina udongo mwingi. Paka risasi yake, yaani grafiti, kaboni iliyopangika kwa matabaka, kwenye selotepu, kunja, bandua, rudia mpaka weusi ufifie uwe kijivu. Vuta polepole, tepu ikiwa imelala. Ukiikwanyua kwa pupa, vipande vinavunjika. Kwa ujanja huu wa tepu, Andre Geim na Konstantin Novoselov walipata tabaka moja la atomi, grafini, Manchester mwaka 2004. Nobel ikafuata 2010. Humo elektroni hukimbia kana kwamba hazina tungamo, zikifuata mlinganyo wa aina ya Dirac, mwanafizikia aliyeeleza elektroni zenye kasi kubwa mno, kwa mwendo wa takriban kilomita 1,000 kwa sekunde. Kipande chako kwenye tepu kitakuwa kinene zaidi, ila kitie kwenye hadubini uone watoto watakavyogombania.